Nani aliyechora mstari kati ya bakteria anayesikia dawa na bakteria sugu?

Swali: Mimi ni daktari wa mifugo ninayehudumia wafugaji wa kuku wa mayai maeneo ya Goba na Mbezi, Dar es Salaam. Mwezi uliopita nilichukua sampuli za maini na mioyo kutoka kwa kuku waliokufa katika banda moja, nikazipeleka maabara mbili. Zote mbili ziliotesha E. koli. Maabara ya kwanza iliandika kwamba bakteria huyo anasikia enrofloksasini, yaani dawa hiyo ya kuua bakteria inamweza, ya pili ikaandika kwamba ni sugu. Nilipopiga simu kuuliza, kila moja iliniambia kwamba duara lilikuwa na kipenyo cha milimita 21. Inawezekanaje? Ni nani anayeweka viwango hivi kwa upande wa wanyama, na kwa nini nchi yetu isiwe na vyake? Na mfugaji nimpe jibu gani?

Jibu: Daktari mwenzangu, jambo la maana zaidi ulilofanya katika kisa hiki ni ile simu. Tumezoea kupokea karatasi yenye herufi S (anasikia), I (wa kati) na R (sugu) mbele ya majina ya dawa, tukaisoma kama risiti, tukaelekea duka la dawa za mifugo. Wewe uliuliza namba iliyo nyuma ya herufi, na kwa kuwa uliuliza, swali lako linajibika. Maabara zote mbili zilipata kipimo kilekile, kisha kila moja ikakisoma kwa jedwali lake, na kwa jinsi namba zilivyo, sioni dalili kwamba hata moja kati yao ilifungua jedwali la kuku.

Nianze na hizo milimita 21, yaani upana wa eneo ambalo bakteria hawakuota kuzunguka diski yenye dawa iliyowekwa juu ya aga, ile rojo iliyoganda ya kuoteshea bakteria. Taasisi ya Marekani ya viwango vya maabara iitwayo CLSI, ambayo majedwali yake yametumika sana katika maabara za hapa nchini, kwa miaka mingi ilielekeza kwamba E. koli wa binadamu akipimwa kwa diski ya siprofloksasini ya mikrogramu 5 anahesabiwa kuwa anasikia dawa duara likiwa na milimita 21 au zaidi, ni wa kati kuanzia 16 hadi 20, na ni sugu akiwa na 15 au pungufu. Mwaka 2019 taasisi hiyo ilibadili jedwali lake: anayesikia sasa ni wa milimita 26 au zaidi, wa kati ni 22 hadi 25, na wa milimita 21 au pungufu ni sugu. Utaona mara moja kilichowezekana kutokea. Mwenye karatasi ya kabla ya mwaka 2019 iliyobandikwa ukutani anaandika S, mwenye karatasi mpya anaandika R, na wote wawili wameangalia duara lilelile. Sasa fungua jedwali la CLSI la wanyama, sehemu ya enrofloksasini kwa E. koli wa kuku na bata mzinga. Utakuta milimita 23 au zaidi kwa anayesikia, 17 hadi 22 kwa wa kati, na 16 au pungufu kwa sugu. Kwa jedwali hilo, ambalo ndilo lililotengenezwa kwa ajili ya ndege unaowatibu, bakteria wako ni wa kati. Duara moja limetoa majibu matatu, na katika hayo ni moja tu linalomhusu kuku.

Pengine utauliza kama kuna ubaya gani kuazima jedwali la siprofloksasini, ilhali dawa hizi mbili ni ndugu na sehemu ya enrofloksasini hugeuka kuwa siprofloksasini ndani ya mwili wa mnyama. Ubaya upo, na unaanzia kwenye diski yenyewe. Diski mbili zenye mikrogramu zilezile 5 hazitoi duara lenye ukubwa uleule hata kwa bakteria mmoja, kwa sababu kila dawa ina mwendo wake wa kupenya ndani ya aga na nguvu yake ya kuzuia. Ndiyo maana kila diski imewekewa vipimo vyake vya udhibiti, vya kuhakikisha kwamba upimaji wenyewe uko sawa. Bakteria wa udhibiti anayejulikana kwa namba ATCC 25922, ambaye ni E. koli asiye na usugu, anatakiwa kutoa duara la milimita 32 hadi 40 kwa enrofloksasini, na kwa siprofloksasini ana namba nyingine.

Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi, nao uko katika mwili wa mnyama. Mstari unaotenganisha anayesikia na sugu huchorwa kwa kujiuliza kama dawa, ikitolewa kwa dozi fulani na kwa njia fulani, itafika mahali ugonjwa ulipo kwa wingi unaotosha kumzuia bakteria. Binadamu anameza kidonge cha siprofloksasini kwa saa zinazojulikana. Kuku wako anakunywa dawa iliyochanganywa kwenye maji, na anakunywa kadiri ya joto la siku, umri wake, na nafasi anayoachiwa na wenzake kwenye chombo. Aliyezidiwa na ugonjwa hanywi kabisa. Maji yenyewe, ukiwa Goba na mfugaji anategemea kisima, mara nyingi ni magumu, yenye kalsiamu na magnesi nyingi, na madini hayo hushikana na enrofloksasini na tetrasaiklini yakapunguza kiasi kinachoingia mwilini. Hakuna lolote kati ya hayo lililokuwa mezani pa waliochora mstari kwa ajili ya mgonjwa wa hospitali.

Mfano ninaoupenda kuwapa wanafunzi ni wa mbwa, kwa sababu hapo mnyama ni mmoja na dawa ni moja. E. koli wa mbwa akitoka kwenye mkojo, jedwali la CLSI la wanyama linakubali kwamba anasikia amoksilini yenye asidi ya klavulani hata ikihitajika mikrogramu 8 za amoksilini kwa mililita kumzuia, kwa kuwa dawa hiyo hujikusanya kwenye mkojo kwa wingi. Bakteria huyohuyo akitoka kwenye kidonda cha ngozi, mstari unashuka hadi mikrogramu 0.25. Tofauti ni mara 32, nayo haitokani na bakteria hata kidogo. Kwa hiyo karatasi ya majibu isiyosema sampuli ilitoka kwa mnyama gani na kiungo gani haijakamilika, hata ikiwa na mihuri mitatu.

Umeuliza ni nani anayeweka viwango hivi. Njia ya diski tunayoitumia leo iliwekwa sawa na Bauer, Kirby, Sherris na Turck katika makala yao ya mwaka 1966, wakifanya kazi Seattle. Kabla yao kila maabara ilikuwa na aga yake, diski zake na namna yake ya kusoma, na majibu yalipishana kama haya ya kwako. Walichofanya ni kubana kila kitu kinachoweza kutikisa duara: aga iwe ya aina moja, bakteria wawe wingi mmoja, joto liwe moja, na duara lilinganishwe na kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachozuia bakteria ndani ya mchuzi wa kuoteshea. Aga waliyoichagua ni ya Mueller na Hinton, iliyotangazwa mwaka 1941. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu wengi wetu hutaja jina hilo kila siku bila kumjua mwenye nusu ya pili. Jane Hinton alikuwa binti wa Kimarekani mweusi akifanya kazi katika maabara ya John Howard Mueller huko Harvard. Baadaye alisomea tiba ya wanyama, na mwaka 1949 akahitimu Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akiwa mmoja wa wanawake weusi wawili wa kwanza nchini Marekani kupata shahada ya udaktari wa mifugo. Kila sahani tunayoimwaga ina kazi ya mikono ya daktari mwenzetu.

Pamoja na hayo, kwa muda mrefu majedwali yalikuwa ya binadamu peke yake. CLSI, ambayo wakati huo ikiitwa NCCLS, iliunda kamati ndogo ya wanyama mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kazi yake leo imo katika maandiko yanayoanza kwa herufi VET: VET01 inaeleza namna ya kupima, na VET01S ina majedwali ya mistari. Ulaya wana EUCAST, kamati yao ya upimaji wa aina hii, ambayo mwaka 2015 iliunda tawi la wanyama liitwalo VetCAST. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, WOAH, lenye makao yake Paris, lina sura nzima ya mbinu za upimaji huu katika mwongozo wake wa wanyama wa nchi kavu, lakini halichori mistari yake lenyewe. Mezani pa CLSI huketi watu wa serikali, wa taaluma na wa viwanda vya dawa, na mstari haupiti mpaka wakubaliane. Mara nyingi hilo huchelewesha mambo, nami naona ni bora ucheleweshaji huo kuliko mstari uliochorwa na upande mmoja.

Sasa namna mstari unavyochorwa, ambayo ndiyo sehemu ninayotamani kila daktari wa mifugo aielewe, kwa sababu ndani yake mna namba tatu zenye kazi tofauti, na kuzichanganya ndiko kunakotuletea majibu ya kubahatisha.

Namba ya kwanza inamhusu bakteria mwenyewe. Unakusanya bakteria wengi wa aina moja kutoka maabara mbalimbali, unampima kila mmoja kwa kiwango kidogo kabisa kinachomzuia, na unachora mchoro wa wingi wao. Wengi watasimama pamoja kama kilima kimoja. Hao ni kundi la asili, lisilo na usugu wowote wa kurithi au kuokota. Pale kilima kinapoishia upande wa juu unaweka alama. Aliye nje ya alama hiyo ana kitu alichokipata njiani, hata kama dawa bado inaweza kumuua. Kwa E. koli na siprofloksasini, EUCAST imeweka alama hiyo kwenye miligramu 0.06 kwa lita, chini sana ya 0.25 inayotumika kumhukumu bakteria wa mgonjwa. Kati ya namba hizo mbili wamo bakteria ambao karatasi ya tiba inawaita wasikivu ilhali tayari wamepiga hatua ya kwanza ya kuelekea usugu. Anayefuatilia mwenendo wa usugu katika mabanda ya nchi nzima anapaswa kutumia alama hii, maana ndiyo inayoona moshi kabla ya moto.

Namba ya pili inamhusu mnyama na dawa. Watafiti hupima damu ya kuku waliopewa dozi iliyoidhinishwa, wakaangalia dawa inapanda kiasi gani na inakaa muda gani, wakaondoa ile sehemu iliyoshikwa na protini kwa sababu haifanyi kazi. Kwa enrofloksasini kinachotazamwa ni jumla ya dawa katika damu kwa saa 24 ikigawanywa kwa kiwango kinachomzuia bakteria. Kwa penisilini ni muda ambao dawa inabaki juu ya kiwango hicho. Kisha, kwa kuwa kuku hawafanani, kompyuta huunda maelfu ya kuku wa kufikirika wenye miili inayotofautiana kama ilivyo bandani, na kuuliza: ni bakteria wa kiwango gani ambaye dozi hii inamfikia ipasavyo katika kuku 90 kati ya 100? Jibu ndilo namba ya pili.

Namba ya tatu hutoka kwa wagonjwa wenyewe: waliotibiwa, walipona wangapi wakati bakteria wao alikuwa na kiwango hiki au kile. Kwa wanyama taarifa hizi ni adimu, kwa sababu majaribio ni ghali na mfugaji hana subira ya kundi lisilotibiwa. Kamati huziweka namba zote zilizopatikana juu ya meza moja na kuamua mstari wa mwisho, na ndipo mstari huo hugeuzwa kuwa milimita kwa kuwapima bakteria walewale kwa diski.

Kutokana na kazi hiyo nzito, mistari ya kweli ya wanyama ni michache kuliko wengi wanavyodhani. Upo wa seftiofuri kwa homa ya mapafu ya ng'ombe, mikrogramu 2 kwa mililita kwa bakteria Mannheimia na Pasteurella. Ipo kadhaa ya mbwa, nguruwe na farasi. Ya kuku ni ya kuhesabu kwa vidole, na mbuzi, ambaye sisi tunamchinja kila siku, hana karibu chochote. Panapokosekana mstari wa mnyama, maabara inaruhusiwa kuazima wa binadamu, mradi iandike waziwazi kwamba imeazima. Sentensi hiyo moja kwenye karatasi ingekuokoa na mkanganyiko wote huu.

Hata hivyo mstari uliochorwa vizuri hausaidii kitu duara likiwa limepimwa vibaya, na hapa nazungumza kama mtu aliyesimama miaka mingi kwenye meza ya kumwagia sahani. Nilipokuwa kijana katika maabara moja hapa jijini, asubuhi moja bakteria wa udhibiti alitoa duara la milimita 43 kwa enrofloksasini, wakati hapaswi kuzidi 40. Tulipima tena, ikawa hivyohivyo. Hatimaye mmoja wetu alichukua rula, akakata kipande cha aga na kukisimamisha: kilikuwa na milimita mbili na nusu. Aga inatakiwa kuwa na kina cha milimita 4, na sahani ya milimita 90 inahitaji takriban mililita 25 kufikia hapo. Unga ulikuwa umepungua ghalani, na mtu mwenye nia njema alikuwa akimwaga kidogo kidogo ili utoshe mwezi. Kwenye aga nyembamba dawa haina pa kwenda chini, inasambaa pembeni, duara linakua, na bakteria sugu anaonekana msikivu. Tulirudi kwenye daftari na kukuta kwamba kwa siku tisa bakteria wa udhibiti hakuwa amewekwa kabisa, na majibu ya siku zile tisa yalikuwa yameshaondoka kwenda kwa wafugaji. Hilo sijalisahau, na ndiyo sababu sikubali jibu lolote lisiloandamana na kipimo cha udhibiti cha wiki ileile.

Mambo mengine ya meza ni madogo kwa sura na makubwa kwa matokeo. Tope la bakteria linalinganishwa na kipimo cha 0.5 cha McFarland, yaani bakteria milioni 100 hadi 200 hivi kwa mililita, na hulinganishwa kwa kushika vichupa viwili mbele ya karatasi nyeupe yenye mistari myeusi mpaka mistari ionekane kwa ukungu uleule. Tope likiwa zito, duara husinyaa na msikivu anaitwa sugu. EUCAST ina kanuni rahisi ya 15-15-15: tope litumike ndani ya dakika 15 tangu kutengenezwa, diski ziwekwe ndani ya dakika 15 tangu kupaka, na sahani iingie kwenye joto la nyuzi 35 ndani ya dakika 15 tangu kuweka diski. Kwa unyevu wa Dar es Salaam mimi huongeza jambo ambalo miongozo inalitaja kwa sentensi moja lakini kwetu lingestahili ukurasa: kichupa cha diski kikitoka kwenye friji kisifunguliwe mpaka kifikie joto la chumba. Ukikifungua kikiwa baridi, hewa ya pwani huacha umande juu ya diski, na asidi ya klavulani ni ya kwanza kuharibika. Baada ya wiki kadhaa za kufungua hivyo, kila E. koli wako atakuwa sugu kwa dawa hiyo, na hutajua kwamba aliyechoka ni diski.

Upo pia upimaji ambao haufai kufanywa hata kwa mikono mizuri. Kolistini haipimwi kwa diski, kwa sababu ni molekuli kubwa isiyopenya aga ipasavyo. Tangu jeni la usugu liitwalo mcr-1 litangazwe mwaka 2015 kutoka kwa mifugo, nyama na wagonjwa nchini China, CLSI na EUCAST zimekubaliana kwamba njia ya marejeo ni ya mchuzi peke yake. Ukiona milimita za kolistini kwenye karatasi, zipuuze. Tailosini kwa E. koli ni kupoteza diski, maana E. koli ana usugu wa asili kwa dawa hiyo. Nayo Salmonela wa homa ya matumbo ya kuku anaweza kuonyesha duara kubwa na zuri kwa jentamaisini, lakini bakteria huyo hujificha ndani ya seli ambako dawa hiyo haimfikii, na kwa hiyo maabara haitakiwi kumwandika kuwa msikivu hata duara likisema hivyo. Kwa wanaotibu mbwa, Stafilokokasi wa ngozi ya mbwa apimwe kwa oksasilini, wakati yule wa binadamu hupimwa kwa sefoksitini. Ukibadilisha diski hizo utawakosa wengi walio sugu.

Swali lako la nchi yetu kuwa na viwango vyake nalichukulia kwa uzito, kwa kuwa naliona linatoka kwa mtu anayeipenda kazi yake. Maoni yangu ni kwamba tusichore mistari yetu ya tiba kwa sasa. Damu ya kuku wa Goba inaibeba enrofloksasini kama damu ya kuku wa Ubelgiji. Kinachotutofautisha ni dozi tunayotoa, maji tunayochanganyia na ubora wa dawa, na hivyo havirekebishwi kwa kusogeza mstari. Tunachohitaji ni uamuzi ulioandikwa kwamba maabara zote za mifugo nchini zitasoma kwa mfumo mmoja, kwa toleo la mwaka uliotajwa, na kwamba toleo jipya likitoka litaanza kutumika kila mahali siku moja. Kati ya mifumo miwili, wa EUCAST unapatikana bure kwenye intaneti, na hilo si jambo dogo kwa maabara ya wilaya. Wa CLSI una mistari mingi zaidi ya wanyama. Mimi ningechagua CLSI kwa tiba na alama za EUCAST kwa ufuatiliaji wa usugu, nikijua kwamba wapo wenzangu wanaopenda mfumo mmoja kwa yote mawili, na hoja yao ya urahisi ina nguvu.

Uwezo wa kuanza upo. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina makao makuu yake Temeke, Chuo Kikuu cha Sokoine kipo Morogoro, na taifa limekuwa na mpango kazi wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa tangu ule wa 2017 hadi 2022, ukafuatwa na wa 2023 hadi 2028, yote ikiwahesabu binadamu na wanyama pamoja. Jambo ambalo ningelianza kesho asubuhi halina gharama: kila maabara iandike milimita yenyewe, kwenye daftari na kwenye programu ya WHONET ya kuhifadhi majibu ya maabara, ambayo ni ya bure. Mwaka 2019 majedwali yalipobadilika, aliyekuwa amehifadhi milimita alizisoma upya kwa mstari mpya na akabaki na historia yake nzima. Aliyehifadhi herufi peke yake alipoteza miaka yote ya nyuma. Na kwa zile alama za kundi la asili, EUCAST hutaka vipimo kutoka vyanzo visivyopungua vitano, kila kimoja kikiwa na bakteria 15 au zaidi na jumla yao ifike 100. Maabara ya hapa inaweza kabisa kuwa mojawapo ya vyanzo hivyo, kwa vipimo vya mchuzi vilivyosimamiwa vizuri, hasa kwa bakteria wa mbuzi ambao wengine hawawakusanyi.

Nimalizie na banda lako. Wa kati kwa jedwali la kuku maana yake ni kwamba dawa inaweza kufanya kazi ikifika kwa wingi wa kutosha, na kwa kundi linalokunywa maji ya kisima, huku wagonjwa wakiwa hawanywi, siwezi kukuahidi kwamba itafika. Lakini hata kama duara lingekuwa la milimita 30 nisingekushauri kuitumia hapo. Hao ni kuku wanaotaga. Barani Ulaya lebo ya enrofloksasini inakataza matumizi yake kwa ndege ambao mayai yao huliwa na watu, na Marekani iliiondoa kabisa kwa kuku na bata mzinga mwaka 2005 kwa sababu ya usugu wa Kampilobakta anayewapata watu. Wateja wa mayai hayo ni majirani wa mfugaji wako.

Mwambie mfugaji kwamba maabara zote mbili zilipima lakini jibu la kutumia ni la tatu, na kwamba dawa hii inaachwa. Angalia dawa nyingine zilizopimwa kwenye sahani ileile, na yoyote utakayoichagua soma kwanza lebo yake kuhusu kuku wanaotaga na siku za kusubiri mayai. E. koli wa kwenye maini na mioyo mara nyingi huingia nyuma ya mwingine, kwa hiyo kagua tarehe za chanjo ya mdondo, uliza kuhusu kukoroma usiku kunakoashiria Mikoplasma, na uingie bandani alfajiri kabla hewa haijabadilika, uone kama amonia inakuchoma macho. Safari ijayo chukua sampuli kutoka kwa kuku wanne au watano waliokufa karibuni na ambao hawajapewa dawa yoyote, zifike maabara siku hiyohiyo zikiwa kwenye barafu, na kwenye fomu uandike umri, kiungo na dawa zilizokwisha kutumika, kisha uombe kwa maandishi milimita, jina na mwaka wa jedwali, na duara la bakteria wa udhibiti. Ukizipata namba za dawa nyingine kutoka kwa maabara hizo mbili, nitumie nami nitazisoma kwa jedwali la kuku, na palipoazimwa mstari wa binadamu nitakuonyesha.